Breki ya Injini: Namna Lori Zito Linavyozuiwa Mteremkoni

Lori linalotoka Likawage, bara ya Wilaya ya Kilwa, likiwa limesheheni ufuta au mbao, hupita njia ya udongo yenye kupanda na kushuka kabla ya kuifikia lami ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi. Wakati wa kupanda, kila aliye karibu husikia injini ikitaabika. Wakati wa kushuka mngurumo hupungua, na utingo aliyeketi juu ya magunia hudhani kwamba kazi imekwisha. Hesabu fupi yatosha kuonyesha kwamba sivyo.

Chukuliwe lori la magurudumu kumi lenye uzito wa kilo 25,000 pamoja na mzigo, linaloshuka kimo cha mita 100 bila kuongeza mwendo. Nishati inayopaswa kuondolewa ni 25,000 × 9.8 × 100, yaani jouli milioni 24.5. Kiasi hicho chaweza kuchemsha madebe manne ya maji, ya lita 20 kila moja, kutoka jotoridi la sentigredi 27. Sehemu yake huchukuliwa na ukinzani wa hewa na wa magurudumu. Dereva akitegemea breki ya mguu peke yake, iliyobaki huingia katika ngoma za breki. Ngoma sita za chuma, za kilo 50 kila moja, zikipokea jouli zote hizo bila kupoa, zingepanda joto kwa digrii 178 hivi. Ngoma yenye joto hutanuka na kujitenga na pedi zinazoikaza kutoka ndani. Nazo pedi hupoteza msuguano. Dereva hukanyaga, lakini lori halishiki.

Je, injini yenyewe haiwezi kulizuia lori? Jibu lapatikana katika pampu ya baiskeli. Mwanafunzi azibe tundu lake kwa kidole, asukume mpini, kisha auachie: hewa iliyobanwa huurudisha nyuma kama springi. Ndivyo ilivyo katika silinda ya dizeli isiyopewa mafuta. Pistoni hutumia nishati kuigandamiza hewa, lakini hewa hiyo huisukuma pistoni chini na kurudisha sehemu kubwa ya nishati iliyotumika. Sasa arudie jaribio, na mpini ukifika mwisho aondoe kidole. Hewa hutoka kwa kishindo, na mpini haurudi.

Breki ya mgandamizo hufanya jambo hilohilo. Mafuta hukatwa, na pistoni inapokaribia kilele cha mgandamizo, vali za kutolea moshi hufunguliwa ili hewa iliyobanwa itoroke. Injini hugeuka kuwa pampu inayoendeshwa na magurudumu, na nishati ya mteremko hutokea katika bomba la moshi badala ya ngoma. Mmarekani Clessie Cummins, mjenzi wa injini za dizeli, alinusurika mwaka 1931 lori lake liliposhindwa kuzuilika katika mteremko wa Cajon, California. Miaka mingi baadaye alibuni breki hiyo, na kampuni ya Jacobs ikaanza kuitengeneza mwaka 1961. Egzosi breki, ambayo ni kipande kinachoziba bomba la moshi, ni kitu kingine, na kwa kawaida nguvu yake ni ndogo zaidi.

Mteremko ule wa mfano ukishukwa kwa dakika 2, nishati huondolewa kwa kiwango cha kilowati 204; ukishukwa kwa dakika 5, ni kilowati 82 tu. Jumla ya nishati haibadiliki, ila muda ndio ulio mikononi mwa dereva. Kwa hiyo gia ndogo huchaguliwa kileleni, kabla ya kushuka. Anayeichelewesha, katika mteremko mrefu kama wa Kitonga mkoani Iringa, aweza kuitoa gia kubwa na kushindwa kuingiza ndogo. Na gari lisilo katika gia, au lililokanyagiwa klachi, halina breki ya injini hata kidogo. Kadhalika, gavana ya injini hupunguza mafuta tu. Haiwezi kuyazuia magurudumu yasiizungushe injini kupita kiasi chake, hivyo breki ya mguu hutumika mara mojamoja, kwa nguvu, kupunguza mwendo, kisha huachiwa ipoe.

Liko jambo moja ambalo dereva wa Likawage hulihitaji kuliko yule wa lami. Breki ya injini huzuia magurudumu yanayoendeshwa na injini peke yake. Masika, udongo ukilowa, msuguano hupungua. Magurudumu hayo yakizuiwa ghafla huteleza, na sehemu ya nyuma huweza kuja ubavuni, hasa lori likiwa tupu au likivuta tela. Penye tope breki ya mgandamizo huzimwa mapema, mwendo ukapunguzwa pangali pakavu, na gari likashuka polepole katika gia ndogo.