Kiungulia Baada ya Tumbo Kupunguzwa

Saa tatu usiku, Jogoo Road jijini Nairobi bado imejaa magari. Anayerudi Umoja au Kayole anashuka kwenye matatu akiwa na njaa, ananunua mutura na chapati, anakula upesi na kujitupa kitandani. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, kifua huanza kuwaka moto kabla hajashikwa na usingizi.

Upasuaji wa kupunguza unene unaofanywa zaidi duniani huondoa karibu asilimia 80 ya tumbo na kuacha mrija wenye umbo la ndizi. Mrija huo hautanuki kama tumbo la awali. Ukijaa, presha hupanda, na asidi hurudi juu kwenye umio. Upasuaji wa aina nyingine, ule wa kuunganisha kifuko kidogo cha tumbo moja kwa moja na utumbo, kwa kawaida hupunguza kiungulia. Mwenye kiungulia cha siku nyingi amwambie daktari kabla hajachagua.

Lawama zote huangukia pilipili. Kweli ina makosa yake, na chipsi zinazochuruzika mafuta pia, ila saa ya kula husahaulika. Mlo wa mwisho uliwe muda usiopungua saa tatu kabla ya kulala. Anayechelewa njiani abebe kikopo cha ndengu, yai na ugali kidogo, ale kazini jioni, polepole, akitafuna mpaka chakula kilainike. Maji yangoje nusu saa baada ya kula. Soda iachwe kabisa.

Kitanda nacho kina kazi. Miguu ya upande wa kichwani iinuliwe sentimita 15 hadi 20 kwa vipande vya mbao visivyoteleza. Kurundika mito hakusaidii: hukunja kiuno na kulibana tumbo. Kulala ubavu wa kushoto husaidia.

Omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, ikiwa daktari ameiandika, humezwa nusu saa hivi kabla ya kula, si maumivu yakishaanza. Dawa za maumivu za kemisti kama Diclofenac na Brufen zinaweza kusababisha vidonda tumboni; mgonjwa asizimeze bila kuuliza.

Anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami au ambaye chakula kinamkwama kooni, aende hospitali mara moja. Vivyo hivyo anayeumwa kifua huku akitokwa jasho: huenda ni moyo. Wakazi wa Eastlands wana Hospitali ya Mama Lucy Kibaki karibu, hata usiku.