Gurudumu na Duara: Umbo la Mawasiliano Kazini

Katika ofisi, kiwanda au chama cha ushirika, hakuna kazi iendayo bila habari kupita kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine. Kazi inapozorota, desturi yetu ni kutafuta mtu wa kulaumiwa: karani ni mvivu, au mkuu ni mkali. Wataalamu wa mawasiliano wameuliza swali jingine. Je, chanzo hakiwezi kuwa njia zenyewe za habari, yaani nani anaweza kuzungumza na nani? Swali hili hufundishwa katika vyuo vya biashara, na jaribio mojawapo lililolijibu laweza kurudiwa hata na darasa la sekondari.

Jaribio lenyewe

Mtaalamu Alex Bavelas, wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts nchini Marekani, alibuni namna ya kupima umbo la mawasiliano. Harold Leavitt aliitumia katika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1951. Wanafunzi 100 waligawanywa katika makundi ya watu 5. Watano hao waliketi kuizunguka meza iliyotengwa kwa mbao ili wasionane, wakapelekeana vikaratasi kupitia matundu. Kila mmoja alikuwa na kadi yenye alama 5 kati ya alama 6, na alama iliyokosekana ilikuwa tofauti kwa kila mtu. Kwa hiyo alama 1 tu ilipatikana katika kadi zote. Kazi ya kundi ilikuwa kuitambua alama hiyo, na kila mtu alipaswa kuijua. Kazi ilirudiwa mara 15.

Mtafiti alifunga baadhi ya matundu na kuacha mengine wazi, akapata maumbo 4. Hapa tutatazama mawili. Katika gurudumu, mtu mmoja wa kati huandikiana na wenzake wote 4, lakini hao 4 hawawezi kuandikiana wao kwa wao. Katika duara, kila mtu huandikiana na majirani zake 2 tu.

Hesabu ya nafasi

Tuhesabu hatua ambazo habari hupita kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa kila mwenzake. Mtu wa kati wa gurudumu yu hatua 1 kutoka kwa kila mmoja: jumla 4. Mtu wa pembeni ana 1+2+2+2, yaani 7. Jumla ya kundi zima ni 4+(4×7) = 32. Tukigawanya jumla ya kundi kwa jumla ya mtu, tunapata kipimo cha nafasi yake: wa kati 32÷4 = 8, na wa pembeni 32÷7 = 4.6 takriban. Katika duara kila mtu ana 1+1+2+2 = 6, jumla ya kundi ni 30, na kipimo cha kila mmoja ni 5. Hakuna aliye juu ya mwingine.

Matokeo

Gurudumu lilitumia vikaratasi vichache na kukosea mara chache. Idadi ndogo kabisa iwezekanayo ni vikaratasi 8: vinne vya kwenda kwa mtu wa kati na vinne vya kurudisha jibu. Duara lilitumia vingi zaidi na kukosea zaidi, lakini watu wake waliifurahia kazi kuliko wale wa pembeni mwa gurudumu. Mtu wa kati aliridhika, na wenzake walimtaja kuwa ndiye kiongozi. Hakuna aliyemchagua, nafasi ndiyo iliyompa uongozi.

Hata hivyo, tusikate shauri mapema kwamba gurudumu ni bora. Mwaka 1953 Josiah Macy, Lee Christie na Duncan Luce walichapisha jaribio ambalo badala ya alama lilitumia gololi. Gololi za rangi zilizo dhahiri zilipobadilishwa kwa zile zenye rangi zilizochanganyika, ambazo kila mtu aliweza kuziita kwa jina lake, makosa yaliongezeka. Baada ya muda duara lilipunguza makosa yake, kwa kuwa watu walipata nafasi ya kusahihishana. Gurudumu halikufanikiwa hivyo.

Fundisho kwa msimamizi

Leavitt baadaye alifundisha katika shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Stanford. Fundisho la majaribio haya kwa msimamizi ni hili: kazi nyepesi isiyobadilika yaweza kupitia kwa mtu mmoja, kazi ngeni na yenye utata yahitaji njia nyingi. Aliye pembeni huenda ameliona kosa, lakini hana njia ya kumwuliza mwenzake. Kabla ya kumwita mvivu, hapana budi tuitazame nafasi tuliyomweka.

Zoezi

1. Katika mnyororo, watu 5 wamejipanga mstari mmoja. Kokotoa kipimo cha nafasi ya kila mtu. (Jibu: wa kati 6.7, wanaomfuata 5.7, wa mwisho 4.0.)

2. Fanyeni jaribio la kadi kwa gurudumu na kwa duara. Hesabuni vikaratasi na makosa, kisha kila mmoja aandike kwa siri kama aliifurahia kazi.

3. Choreni njia za habari kati ya mwalimu mkuu, walimu, viranja na wanafunzi wa shule yenu. Ni nani aliye pembeni kabisa, na ni habari gani aliyo nayo ambayo haifiki katikati?