DARSA: JIKO LA MAKAA KATIKA CHUMBA CHA KULALA



Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi katika Nyeri, Karatina, Nanyuki na miji mingine iliyouzunguka Mlima Kenya. Mji wa Nyeri umeinuka juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,700, na baridi yake ya usiku hupenya hata katika mablanketi. Hapo ndipo mtu achukuapo jiko lake lililokwisha kupikiwa, akaliingiza chumbani, akafunga dirisha, akaziba mianya ya mlango kwa matambara, kisha akalala na watoto wake. Wako waliolala hivyo wasiamke.

Asubuhi yake maneno hayakosekani. Huyu husema ni jini, yule husema ni uchawi. Maneno haya hayana asili, na ubaya wake ni kuwa humwacha muuaji wa kweli akimngojea mwengine.

Basi muuaji huyo ni nani? Makaa yawakapo pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikivutwa huingia katika damu na kushikamana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ambayo ndiyo tunayoishi kwayo. Mtu huanza kuumwa na kichwa, kisha hushikwa na kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu. Aliye macho huenda akatoka. Aliyelala hana wa kumwonya.

Huenda mtu akasema: "Makaa yangu ni mekundu, hayana moshi." Hilo ndilo kosa kubwa. Moshi wa kuni hutukohoza tukakimbia. Makaa mekundu hayatuonyi, na sumu ingali ikitoka. Mwengine atasema: "Jiko langu ni lile lenye udongo ndani." Jiko hilo, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hupunguza matumizi ya makaa, sumu haliiondoi.

Mtume wetu (S.A.W.) alikwisha kutukataza kuacha moto nyumbani wakati wa kulala. Twalijua katazo hili, lakini twalidhani ni la taa za mafuta za zamani tu.

Basi yatupasa haya:

1. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yamefunikwa jivu. Anayeogopa kuibiwa na ayazime kwanza; thamani ya jiko si thamani ya mtoto.

2. Baridi izuiwe kwa nguo nzito, mablanketi na chupa ya maji ya moto.

3. Ukimkuta mtu amezimia penye jiko, fungua mlango, mtoe nje upesi, kisha apelekwe hospitali. Usimnyweshe maziwa: hayaiondoi sumu iliyomo katika damu, na aliyezimia huweza kupaliwa nayo akafa.

Aliyesoma na amsomee jirani yake leo, kabla ya usiku kuingia.