Bohari za Matengenezo Zipangwe Kabla Mji Haujajaa

Wasomaji wetu wa pande za Ziwa waijua njia panda ya Usagara. Hatusemi Usagara ile ya milima ya Kilosa, bali hii iliyo kusini ya mji wa Mwanza, katika Wilaya ya Misungwi. Hapo barabara itokayo Mwanza hugawanyika: moja huenda Shinyanga, nyingine huelekea Kigongo, na iko pia ile izungukayo mji kwenda Kisesa. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, na msafiri aliyezoea kungoja feri sasa huvuka kwa dakika chache. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta watu 2,772,509 katika Mkoa wa Mwanza. Ile ya mwaka 2022 ilikuta 3,699,872. Watu hao wote wahitaji barabara, maji, shule na zahanati, na vitu hivyo vyote huharibika.

Basi leo twataka kueleza habari za bohari ya matengenezo, yaani mahali pawekwapo zana, vipuri, kokoto, saruji na mabomba, na ambapo mafundi huanzia kazi. Kisima kikifunguliwa, watu hupiga vigelegele na wakubwa hutoa hotuba. Ni nadra kusikia mtu akiuliza vipuri vyake vitakaa wapi. Kuanzia mwaka 1985 mikoa ya Mwanza, Mara na Kagera ilipata msaada wa Sweden katika mpango ulioitwa HESAWA, na vijiji vingi vilipata visima vya pampu za mkono. Pampu ya namna hiyo husimama kabisa kwa sababu ya mpira mmoja mdogo usiojaa kiganja. Mpira ukiwa karibu, fundi huutia siku ile ile. Ukiwa mbali, akina mama hurudi lamboni na ndoo zao kwa muda wa miezi.

Watu wa reli walilitambua jambo hili zamani. Reli itokayo Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, nao watengenezaji wa njia hawakukaa wote mjini. Waligawanywa katika magenge, kila genge na kipande chake cha njia, likikaa karibu na kazi pamoja na zana zake.

Na tufanye hesabu kidogo, kama walimu wafanyavyo ubaoni. Tuseme mvua imekula mita 100 za barabara ya changarawe yenye upana wa mita 5, nasi twataka kuirudishia unene wa sentimeta 15. Zidisha, utapata mita za ujazo 75. Lakini changarawe iliyo ndani ya lori haijashindiliwa, hivyo yatupasa kuchukua kama robo zaidi, yaani mita 94 hivi. Lori libebalo mita 7 litakwenda safari 14. Changarawe ikiwa kilometa 10 kutoka penye kazi, na lori likienda mwendo wa kilometa 30 kwa saa, kwenda na kurudi ni dakika 40. Tia dakika 20 za kupakia na kupakua, ni saa moja. Safari zote ni saa 14, chini ya siku mbili za kazi. Changarawe ikiwa kilometa 30, kila safari ni saa 2 na dakika 20, na kazi ile ile yataka siku nne na zaidi. Mafuta nayo huongezeka vivyo hivyo. Ndiyo sababu twasema bohari isifuatishe mahali palipo ofisi ya Halmashauri, bali ifuate zilipo kazi zenyewe, na chungu za changarawe ziwekwe kando ya barabara wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za mwezi wa Oktoba au Novemba. Udongo mweusi wa mbuga ukisha kulowa, lori lenye shehena halipiti.

Kiwanja chenyewe kiwe juu, pasipotuama maji, na kiwe na nafasi ya lori kugeuka. Kisiwe kando ya kijito kiendacho Ziwani, maana mafuta machafu ya mashine hufuata maji, na maji hayo ndiyo tunywayo. Saruji iwekwe juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, na mfuko ulioingia kwanza utoke kwanza. Mabomba ya plastiki yakae kivulini, kwani jua huyadhoofisha. Dawa ya klorini ya kusafishia maji isiwekwe chumba kimoja na mafuta. Vikikutana huweza kuwaka moto, na tumeona ghala nyingi ambamo vitu hivi viwili hukaa bega kwa bega. Tena kiwepo kitabu. Mtunza bohari aandike kila kiingiacho na kitokacho, na kila kitu kiwe na kiasi cha chini kilichokubaliwa: mipira ya pampu ikifika kumi, kwa mfano, aagize mingine asingoje iishe. Kufuli bila kitabu hakutoshi.

Liko gumu moja la wakati wetu. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Zile za wilaya, tangu Julai 2017, ni za TARURA. Maji ya vijijini, tangu mwaka 2019, yamo mikononi mwa RUWASA pamoja na vyombo vya watumiaji maji. Shule, zahanati na masoko zasimamiwa na Halmashauri. Mwananchi haijui mipaka hiyo. Yeye aona shimo na bomba livujalo. Kwa maoni yetu yafaa kiwanja kiwe kimoja, chenye uzio mmoja na mlinzi mmoja, na ndani yake kila idara iwe na chumba chake, ufunguo wake na kitabu chake. Wako wasemao kwamba ushirika wa namna hii huleta ugomvi. Huenda; lakini twaona ugomvi wa vyumba ni nafuu kuliko gharama ya walinzi wanne.

Jambo lisilongojeka ni ardhi. Nyumba na maduka huongezeka kando ya barabara, na kiwanja kisichotengwa leo kitakuwa cha mtu kesho. Hapo Halmashauri italazimika kulipa fidia, au itasukumwa mbugani. Penye ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaitaka Halmashauri ya Kijiji ipate kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji kabla ya kugawa ardhi. Kwa hiyo mwenyekiti apeleke shauri hili mkutanoni mapema, akiwa na ramani, na mipaka iwekewe mawe mbele ya majirani.