CHAKULA KILINDACHO INI
Somo kwa wakulima na wafugaji wa Mangapwani na jirani zake



Somo hili limetokana na kifo cha ndama. Bwana mmoja wa Mangapwani, mkulima tena mvuvi, alipasua betri kuukuu ya motokaa ili apate risasi ya kusubu chubwi za mishipi yake. Risasi akaiyeyusha jikoni kwa mkewe, na magamba ya betri akayatupa nyuma ya banda la ng'ombe. Ndama akayalamba. Baada ya siku chache hakuona njia: alijigonga katika miti, akasaga meno, akatetemeka, kisha akaanguka akafa. Mwenyewe alisema ni jicho la husuda. Nilipoitwa nikayaona magamba yale, nikauliza neno moja tu: "Watoto wako huchezea wapi?" Hakunijibu, maana walikuwa pale pale, wamekaa juu yake. Nikamwambia awapeleke hospitali siku ile ile, na awaeleze waganga habari zote za betri.

Tangu siku hiyo nimeulizwa mara nyingi: Je, kiko chakula kiwezacho kuilinda miili yetu na sumu ya namna hii? Jawabu ni kwamba kiko, lakini kina mpaka wake. Yafaa tujifunze yote mawili.

1. INI NI FORODHA YA MWILI

Kila tulacho kikisha kusagwa tumboni, sehemu yake kubwa huchukuliwa na damu kutoka katika matumbo mpaka kwenye ini, kabla ya kuenea mwilini. Ini ni mfano wa forodha. Shehena hupita hapo ikakaguliwa. Iliyo njema hupelekwa mbele au huwekwa ghalani, na iliyo mbaya huzuiwa, au hutolewa pamoja na nyongo. Lakini forodha ipokeayo shehena mbaya kila siku, mwisho yenyewe huharibika.

Sumu nyingine ini huweza kuzivunja zikawa si kitu. Madini hayavunjiki. Risasi ni risasi, leo na kesho. Zebaki ni hivyo hivyo, na kadimi pia. Kadimi ni madini yapatikanayo ardhini pamoja na zinki. Imo katika baadhi ya betri na rangi, imo kidogo katika mbolea za fosfeti, na imo katika moshi wa tumbaku. Ikiingia mwilini hukaa kwanza katika ini, kisha huhamia katika figo polepole, ikadumu humo miaka mingi.

2. MLANGO MMOJA, WAGENI WAWILI

Risasi na kadimi hazikuwekewa mlango wao katika matumbo ya mwanadamu. Huingia kwa milango ya madini mema. Kadimi hupita katika mlango wa chuma. Risasi pia huweza kupita hapo, na tena hufanana na kalsiamu, yaani ile chokaa iliyo katika mifupa yetu, hata mwili hudanganyika ukaipokea.

Sasa angalia jambo hili. Mwili uliopungukiwa na chuma huifungua milango yake wazi, upate kuokota kila chembe ya chuma ipitayo. Chuma kisipokuja, ajaye ni adui. Kwa hiyo watoto wawili wakicheza katika mavumbi mamoja, yule mwenye upungufu wa chuma na kalsiamu huingiwa na risasi nyingi zaidi kuliko mwenziwe aliyeshiba vizuri. Tena tumbo tupu hunyonya risasi zaidi kuliko tumbo lenye chakula. Mtoto apelekwaye chuoni bila ya kula asubuhi ametoka nyumbani na milango wazi.

Ushahidi mkubwa wa kadimi ulionekana Japani, katika jimbo la Toyama. Maji machafu ya mgodi yalitiririka katika mto Jinzu, wakulima wakayatumia kumwagilia mpunga, na mpunga ukachukua kadimi. Watu waliokula mchele ule wakaumwa figo, na mifupa yao ikalainika hata kuvunjika kwa jambo dogo. Mwaka 1968 serikali ya nchi ile ilikiri kwamba kadimi ndiyo iliyoleta maradhi hayo. Wengi wa walioumia sana walikuwa wanawake wa makamo na wazee, waliokwisha kuzaa mara nyingi. Uzazi hupunguza chuma na kalsiamu ya mama. Basi sumu ile ilikuta milango yao wazi.

3. MADINI YALINDAYO, NA VYAKULA VYAKE

Chuma. Kimo katika nyama, maini, samaki, kunde, chooko, mbaazi, mchicha, matembele na kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa vizuri. Chuma cha mboga na kunde huingia kwa shida. Kamulia ndimu, au kula embe au chungwa pamoja na chakula, kitaingia kwa wepesi. Chai huzuia chuma. Usinywe chai pamoja na chakula. Ngoja kwanza saa moja au mbili.

Kalsiamu. Imo katika maziwa, katika ufuta, na katika dagaa waliwao pamoja na mifupa. Usije ukadhani nasema chokaa ya kupakia nyumba. Hiyo huchoma koo.

Zinki. Hii ndiyo rafiki mkubwa wa ini. Zinki ikiwamo mwilini kwa kiasi chake, ini na matumbo hutengeneza vifuko vidogo sana visivyoonekana kwa macho, ambavyo huifunga kadimi, na shaba iliyozidi, isidhuru. Yako maradhi ya kurithi ambayo kwayo shaba hujikusanya katika ini hata likaharibika. Waganga huwapa wagonjwa hao zinki kwa kipimo, ili matumbo yaishike shaba isipite. Zinki imo katika nyama, samaki, chaza, mayai, kunde na mbegu za maboga. Kunde na maharage yakirowekwa usiku kucha na maji yale yakamwagwa, zinki yake hupatikana kwa wepesi zaidi.

Seleni. Imo katika samaki na mayai. Hushikana na zebaki ikaipunguza ukali wake. Hata hivyo samaki wakubwa walao samaki wenzao, kama papa na nduaro, hukusanya zebaki nyingi. Mama mjamzito na mtoto mdogo heri wale dagaa na samaki wengine wadogo.

Lakini chakula chema hakitoshi ikiwa safura imo tumboni. Minyoo ya safura hunyonya damu, na chuma hutoka pamoja na damu hiyo. Kwa hiyo choo kilichochimbwa vizuri, viatu miguuni, na dawa ya minyoo kutoka kituo cha afya, vyote hivyo ni walinzi wa ini pia.

4. ARDHI YETU

Aliyeshuka katika pango la Mangapwani amejionea jinsi kisiwa chetu kilivyojengwa kwa jiwe la matumbawe. Jiwe hilo karibu lote ni chokaa. Ardhi ya maweni ina faida moja na hasara moja. Faida ni kwamba udongo wenye chokaa nyingi huishika kadimi na risasi, mizizi isizipate kwa wepesi. Hasara ni kwamba huishika vile vile zinki na chuma. Utaona majani machanga ya mimea yakiwa manjano katikati ya mishipa iliyobaki kijani. Dawa yake ni samadi na mbolea ya majani makavu, kila msimu.

Jihadhari na majivu ya jaa. Majivu ya kuni ni mema shambani. Majivu ya takataka zilizochanganyika na betri, rangi na mabati ni sumu. Bustani ya mboga isiwe ukingoni mwa barabara kubwa. Petroli yenye risasi iliachwa katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006, lakini risasi iliyokwisha kuanguka haiozi, ingali katika udongo. Osha mboga kwa maji mengi, na menya viazi na muhogo, kwa kuwa risasi nyingi huwa katika vumbi lililogandama nje.

5. MIFUGO

Ng'ombe aliyekosa chumvi na madini hulamba kila kitu: mifupa, kuta, nguo, na betri. Mwekee jiwe la chumvi bandani, akate tamaa yake hapo. Wanadamu nao hupatwa na tamaa kama hiyo. Mama mjamzito apendaye kula udongo mara nyingi amepungukiwa na damu. Asichekwe, bali apelekwe kliniki apimwe, maana udongo nao huweza kuwa na risasi.

Mwenye kondoo na ajue kwamba shaba ni adui yao mkubwa. Kondoo hukusanya shaba katika ini kwa majuma na miezi, naye anaonekana mzima. Kisha siku moja ini huimwaga yote katika damu, macho yakawa manjano, mkojo ukawa mwekundu, akafa. Madini ya molibdeni na salfa yaliyomo katika malisho huifunga shaba isimdhuru. Yakipungua, hata shaba kidogo humzidi. Basi usimpe kondoo chakula kilichotengenezwa kwa kuku au nguruwe, wala usimlishe majani yaliyonyunyiziwa mrututu.

6. ONYO JUU YA VIDONGE

Mtu asiseme, "Ikiwa chuma ni chema, nitanunua vidonge niwape watoto wote." Jambo hilo lilichunguzwa hapa hapa kwetu, katika kisiwa cha Pemba, na habari zake zikatolewa mwaka 2006. Maelfu ya watoto wadogo walipewa chuma pamoja na asidi ya foliki kila siku, katika nchi yenye homa ya malaria. Waliopewa waliugua sana na kufa zaidi ya wale wasiopewa, hata ikapasa kuacha kuwapa. Chuma cha chakula huingia kidogo kidogo. Chuma cha vidonge huingia kwa wingi, na kikizidi, nacho huumiza ini. Vidonge ni vya kuandikiwa na mganga baada ya kupima damu, na mama mjamzito avipewapo kliniki na avitumie kama alivyoagizwa.

7. MPAKA WA CHAKULA

Huko Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofanya kazi toka mwaka 2007 hata mwaka 2014. Risasi iliingia katika udongo, katika maji na katika damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakaazi walipwe fidia. Hapana sahani ya mchicha ambayo ingaliwaokoa watu wale. Chakula hupunguza sumu iingiayo, wala hakiwezi kuitoa yote iliyokwisha kuingia. Mlinzi wa kwanza ni kuiweka sumu mbali. Chakula ni mlinzi wa pili.

Basi, ndugu mkulima, yashike haya:

Usipasue betri wala usiyeyushe risasi nyumbani. Betri kuukuu irudishe kwa muuzaji, nzima.

Sufuria zilizosubiwa kwa vyuma chakavu, baadhi yake zimeonekana kuwa na risasi. Usizitumie kupikia vitu vikali kama ndimu na ukwaju.

Watoto wanawe mikono kabla ya kula, na wasiende chuoni na tumbo tupu.

Kila siku sahani iwe na mboga ya majani, kunde au samaki, na kipande cha ndimu.

Ng'ombe wawe na jiwe la chumvi.

Ukishuku sumu, nenda hospitali, usingoje.

Yule bwana wa ndama sasa hutumia mawe yaliyotobolewa kuwa chubwi. Wenziwe humcheka kwamba ni ya kizamani. Yeye huwajibu kwamba mawe hayaingii katika damu.