Sanitaiza: Soma Lebo, Usiamini Pua

Anayenunua sanitaiza katika soko la Gakoromone mjini Meru au dukani Runyenjes, Embu, mara nyingi huinusa kwanza, kisha hujipaka kidogo aone inavyokauka. Vipimo hivyo viwili havimlindi. Methanoli, alkoholi ya viwandani ambayo ni sumu, hunuka karibu sawa na ethanoli na hukauka upesi vilevile. Embu inaijua sumu hii kwa uchungu: Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, na Embu ilikuwa kati ya zilizoumia zaidi. Wengine waliponea lakini wakapoteza macho. Pua na ulimi havikuwaonya. Mwilini methanoli hugeuka kuwa asidi ya fomiki, ambayo huharibu neva ya jicho, na dalili zaweza kuchelewa hata siku nzima.

Basi linalobaki ni maandishi yaliyo kwenye chupa. Tafuta jina la alkoholi, ama ethanoli ama isopropanoli, na kiwango kisichopungua asilimia 60. Michanganyiko miwili ambayo Shirika la Afya Duniani limependekeza ina ethanoli asilimia 80 au isopropanoli asilimia 75. Usidhani kwamba asilimia 100 ingefaa zaidi. Alkoholi huua viini kwa kuharibu protini zao, na kazi hiyo huhitaji maji kidogo. Alkoholi tupu huruka hewani kabla haijaimaliza. Chupa inayojisifu kwamba inaua asilimia 99.9 ya viini bila kutaja alkoholi iliyomo haijakueleza lolote, maana sifa hiyo hutokana na vipimo vya maabara kwa viini vilivyochaguliwa. Mikono iliyotoka shambani ni jambo jingine.

Wapo wanaosema kwamba sanitaiza hupakwa tu, hainywewi, kwa hiyo methanoli si hoja. Lakini mtoto hutia kila kitu mdomoni, na hata watu wazima huinywa. Mwaka 2020, katika majimbo ya Arizona na New Mexico nchini Marekani, watu 15 walilazwa hospitalini baada ya kunywa sanitaiza, na wanne wakafa; methanoli ndiyo iliyohusika. Isitoshe, methanoli hupenya ngozini, na nguvu yake ya kuua viini ni ndogo kuliko ya ethanoli. Anayeinunua hupata hatari bila kinga. Ndiyo sababu alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) ina maana, ingawa alama huweza kughushiwa: namba ya kibali iliyo chini yake hukaguliwa kwa kutuma ujumbe wa simu kwenda 20023. Sanitaiza ya kupimiwa kutoka kwenye mtungi usio na lebo iache, hata kama bei yake inavutia. Kadhalika usijichanganyie nyumbani kwa chang'aa au spiriti ya kuwashia moto. Hujui kiwango chake, na spiriti hiyo huenda ina methanoli.

Bei ni hoja nzito, na nyumba yenye shilingi chache haipaswi kulaumiwa. Jibu langu ni kwamba fedha hizo zianze na sabuni. Mikono yenye udongo wa shamba la majani chai, au utomvu wa miraa baada ya kuvuna Igembe, haisafishwi na sanitaiza, kwa kuwa uchafu huvizuia viini visifikiwe. Alkoholi pia haifui dafu mbele ya virusi vya noro na mayai ya minyoo. Sabuni na maji huviondoa kwa kuviosha. Katika sehemu kavu za Mbeere maji ni ya shida, lakini kibuyu chirizi kando ya choo hutumia maji machache sana. Sanitaiza iwe ya safarini, ya matatu na ya sokoni, mikono ikiwa haionekani chafu: mimina ya kutosha kulowesha viganja, migongo ya mikono na katikati ya vidole, usugue hadi ikauke bila kuifuta. Ukae mbali na jiko mpaka ikauke, maana hushika moto.

Chupa ihifadhiwe juu, mbali na watoto. Mtoto akiinywa, usimtapishe. Mpeleke hospitalini mara moja pamoja na chupa yenyewe, hata akionekana mzima.