Ukiogopa Kuingia Kwenye Mashine ya MRI

Daktari amekuandikia kipimo cha MRI. Umeshasikia kwa watu kwamba unaingizwa ndani ya mashine, unalala humo nusu saa nzima, na hutakiwi hata kujikuna. Na wewe ni mtu ambaye lifti ikikwama kidogo tu moyo unakwenda mbio, au daladala ikijaa sana unashuka kituo kisicho chako. Hofu hiyo ya kubanwa mahali padogo madaktari huiita klostrofobia. Si uoga wa kitoto wala upungufu wa imani, na wahudumu wa vyumba vya picha wameizoea.

La kwanza la kufanya ni kuisema mapema. Mwambie daktari anayekuandikia kipimo, kisha useme tena dirishani unapopangiwa siku. Wengi huificha, wakaja kuisema wakiwa wameshalazwa kwenye kitanda cha mashine. Hapo msaada unaobaki ni mdogo: dawa haijaandikwa, msindikizaji hayupo, na nje kuna foleni.

Halafu soma vizuri karatasi yako, kwa sababu wapo wanaokosa usingizi wiki nzima kumbe wameandikiwa siti skani. Siti skani hutumia mionzi ya eksirei, na mashine yake ni duara jembamba ambalo kitanda hupita katikati yake. Picha zenyewe huchukua dakika chache, na wenye hofu wengi huvuka bila taabu. MRI haitumii mionzi. Inatumia sumaku yenye nguvu kubwa na mawimbi ya redio, ikikusanya picha kidogo kidogo, ndiyo maana inachukua muda. Mtu wa kwanza kupigwa picha ya mwili kwa njia hii, huko New York tarehe 3 Julai 1977, alikaa humo karibu saa 5. Siku hizi vipimo vingi huchukua kati ya dakika 20 na 45, ingawa vipo vinavyofika saa nzima.

Je, ndani pakoje? Ni bomba pana lililo wazi mbele na nyuma. Mashine za zamani zina tundu la upana wa sentimita 60 hivi. Nyingi za kisasa zina sentimita 70, na hizo 10 zinazoongezeka mtu mnene au mwenye hofu huzihisi. Kuna taa, na kwa kawaida kuna feni. Hewa haikuishii, hata kama kifua chako kitakuambia vinginevyo.

Swali la maana zaidi ni sehemu gani ya mwili inapimwa. Kama ni goti au kifundo cha mguu, utaingia kwa miguu, na mara nyingi kichwa kitabaki nje au karibu na mlango. Kwa nyonga na kiuno, uliza kama inawezekana kutanguliza miguu. Kwa kichwa na shingo sitakuficha: kichwa kitakuwa katikati kabisa ya bomba, na juu ya uso utawekewa kifuniko cha plastiki chenye nafasi za kuonea, kinachonasa mawimbi ya picha. Kifuniko hiki ndicho kinachowashtua watu kuliko bomba lenyewe. Vingi vina kioo kidogo kilichoinamishwa juu ya macho, kinachokuonyesha miguu yako na chumba kilichoko mbele. Kiulizie.

Kipimo kinapatikana wapi? Zaidi ni katika hospitali kubwa za rufaa na vituo binafsi vya mijini. Kwa Tanzania, taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili na Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma ni mifano. Kwa Kenya, Hospitali ya Kenyatta. Bei hutofautiana sana kati ya hospitali ya umma na ya binafsi, lakini Tanzania jiandae kwa laki kadhaa. Bei hupanda kama sehemu zinazopimwa ni mbili, au kama utachomwa sindano ya dawa ya kung'arisha picha. Mwenye bima aulize kwenye dawati la bima kama kibali kinahitajika kabla ya siku ya kipimo. Kenya, tangu Oktoba 2024, dawati hilo ni la SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya mfuko wa NHIF. Na kabla hujatoa pesa, uliza maswali haya mawili ambayo watu hukumbuka wakiwa wamechelewa: nikishindwa kumaliza, nitalipa upya? Na dawa ya kutuliza, kama nitaihitaji, imo kwenye bei hii au ni pembeni? Ukiwa hapo hapo uliza pia upana wa mashine. Ikiwa mji wenu una mashine mbili, kuchagua ile pana kunaweza kukumalizia nusu ya tatizo.

Nyumbani, zoea kidogo kidogo. Tandika mkeka, lala chali, funika macho kwa kitambaa, mikono ubavuni, utulie dakika tano. Kesho yake fanya dakika kumi, kichwa kikiwa chini ya meza au uvungu wa kitanda kirefu. Milio ya MRI ipo kwenye YouTube. Ifungulie sauti ukiwa umelala hivyo, maana ni kelele kubwa inayobadilikabadilika, kama nyundo inayogonga bati, na anayeisikia kwa mara ya kwanza akiwa ndani hudhani mashine imeharibika. Zoea na pumzi: vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, toa taratibu ukihesabu hadi sita. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, kwani hapo ndipo mapigo ya moyo hutulia. Ukihema haraka haraka utapata kizunguzungu na ganzi ya vidole, nawe utadhani unakufa.

Siku ya kipimo, vaa nguo za pamba zisizo na zipu wala vifungo vya chuma. Sumaku ile haizimwi hata mashine ikiwa kimya, na huvuta chuma kwa nguvu ya kujeruhi mtu. Kwa hiyo vua saa, mkufu, hereni, kipini, na hirizi yenye chuma. Fungua pindo la kanga ulimofunga sarafu. Pini za hijabu na buibui huwa zinasahaulika, vivyo hivyo vibanio vilivyozama ndani ya rasta au wigi. Hijabu ya pamba isiyo na pini wala nyuzi za kung'aa mara nyingi huruhusiwa, na unaweza kuomba uhudumiwe na mwanamke. Usifiche lolote lililomo mwilini: kifaa cha kuendesha moyo, klipu ya upasuaji wa ubongo, vyuma vya mfupa, kitanzi cha uzazi, risasi, ujauzito. Fundi wa kuchomelea aseme kama aliwahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni. Baadhi ya vitu hivi havizuii kipimo, lakini anayeamua ni mtaalamu.

Kabla ya kitanda kuingia utawekewa mkononi kipira cha kubonyeza. Kibonyeze hapo hapo, mbele ya mtaalamu, ili usikie mwenyewe kwamba kinaita. Ndicho mlango wako: ukikiminya wakati wowote, atakusemesha kwa spika, na ukitaka kutoka atakutoa. Mwombe akutajie urefu wa kila awamu kabla haijaanza, "hii ni ya dakika nne," kisha akusemeshe ikiisha. Dakika nne mtu anazivumilia. Ni ile nusu saa isiyo na alama inayomshinda. Msindikizaji anaweza kuruhusiwa kukaa chumbani akikushika mguu, mradi naye amekaguliwa vyuma.

Funga macho, au funikwa kitambaa, kabla kitanda hakijaanza kusogea, na usiyafungue. Wengi hufumbua katikati ili waone tu, wakakutana na plastiki karibu na pua, na kazi yote ikaharibika. Utapewa vya kuziba masikio, vivae sawasawa. Usikutanishe mikono wala kukunja nne, kwa kuwa ngozi ikigusana mawimbi yanaweza kukuunguza. Joto dogo mwilini ni la kawaida. Likiwa kali sehemu moja, minya kipira.

Akili ipe kazi. Anayesali asali moyoni, maana midomo ikichezacheza picha za kichwa huharibika. Mwingine anatembea kimawazo kutoka nyumbani hadi sokoni, duka kwa duka, akimsalimu kila anayemfahamu. Mimi naona hii ndiyo bora, kwa sababu ina mwanzo na mwisho. Wimbi la hofu likija, usishindane nalo. Litapanda, kisha litashuka, nawe endelea na pumzi ndefu. Kumeza mate, kukohoa na kupumua kwa nguvu kuwekee zile nafasi za kimya kati ya awamu, lakini mwili usiuhamishe.

Na kama yote haya hayatoshi? Daktari anaweza kukuandikia kidonge cha kutuliza, kwa mfano diazepamu, cha kumeza kabla ya kipimo. Usiazime cha jirani. Mweleze dawa unazotumia, na kama una matatizo ya kupumua au ujauzito. Kwa watoto wadogo, na watu wazima wachache ambao hofu imewazidi, hutumika nusu kaputi, yaani kulazwa usingizi kabisa chini ya uangalizi wa daktari wa usingizi. Utaelekezwa saa za kufunga kula, gharama huongezeka, na si kila kituo kinaitoa.

Ukishindwa katikati, usiondoke kimya kimya. Uliza kama picha zilizokwisha kupatikana zinamtosha daktari, kisha upangiwe siku nyingine ukiwa na dawa au kwenye mashine pana. Kubadilisha MRI kuwa siti skani ni uamuzi wa daktari aliyekuandikia, kwani kuna magonjwa ambayo siti skani haiyaonyeshi vizuri. Na aliyetumia dawa ya kutuliza asiendeshe gari wala pikipiki hadi kesho yake. Aje na mtu wa kumrudisha nyumbani, na huyo msindikizaji ndiye aulize majibu yatatoka lini na yachukuliwe dirisha gani, kwa kuwa mwenye kipimo anaweza asikumbuke alichoambiwa.